Mke wa Dhamana: Kitambaa Kilichotoka Cheupe

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki nzima mmelala na kucha ya mtu vichwani mwenu. Haya, amkeni. Na wewe ambaye gazeti lililopita ulifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, sogea karibu, hatukuachi nyuma.

Tulimwacha Mardhiya binti Zahran amekaa kitandani, kafunikwa shela gubigubi. Mbele yake kasimama bwana harusi, Ghanim, mjumbe wa Mfalme wa Barkan, kanyoosha mkono kumshika kichwa amwombee dua. Mwali chini ya shela haoni uso wa mtu. Huona miguu, na huona mikono. Na Mardhiya, ambaye riziki yake ni kuwapaka hina maharusi tangu Kaole hadi Mlingotini, aliona kucha.

Kucha ya kidole cha mwisho. Nusu ya juu nyekundu iliyoiva, nusu ya chini nyeupe inayoota.

Hina ya bwana harusi. Ya harusi nyingine, na si ya zamani.

"Bwana," alisema Mardhiya kabla dua haijafika mwisho, "mkeo hajambo?"

Mkono ulisimama hewani.

Mwali mwingine angeona wivu. Mardhiya hakuwa na nafasi ya wivu, maana ndoa hii haikuwa ya mapenzi hata ya kusingizia. Ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Sumri alikotoka marehemu baba yake, watu wa mlimani walikuwa wanapigana na Amiri wa bandarini, na wa mlimani wenyewe wamegawanyika. Kundi moja liliongozwa na kaka yake, Majaliwa: vijana waliozaliwa pwani hii na baba wa Kisumri, na marafiki zao waliofuata kelele. Kundi la pili lilikuwa la Mwishehe wa Pangani. Watu wa Mwishehe ndio waliomwua mzee Zahran.

Barkan ni dola kubwa iliyopakana na Sumri. Barkan ilisema itampa Majaliwa bunduki, kwa sharti kwamba dada yake aolewe na mjumbe, akakae kwao mpaka vita viishe. Msikitini iliitwa nikaha. Sokoni wangeiita rehani.

Mardhiya alikubali kwa sababu moja. Mama hayupo, baba hayupo, aliyebaki ni Majaliwa. Kaka huyo alikwisha apa kwenda vitani, na bora aende na dola mgongoni kuliko kwenda na gobori la babu. Aliambiwa Barkan haina rafiki mwingine. Kwa neno hilo alijitoa.

Na sasa kucha inasema jingine.

Ghanim aliliinua shela mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunua chungu kuona kama wali umeiva. Alikuwa mwanamume mzuri, tuseme kweli. Alikulia mtaa wa Ng'ambo, Unguja, Kiswahili chake laini kama samli.

"Sikuambiwa kuwa bibi harusi ana macho," alisema.

"Yuko wapi?"

"Pangani."

"Binti nani?"

Ghanim aliketi, akamega halua iliyowekwa kwa ajili yao wawili, akaila peke yake.

"Mwenzio amekuuliza," alisema Mardhiya.

"Dada yake Mwishehe."

Mardhiya alihisi kitanda kinazama. "Mwishehe yule?"

"Kuna wangapi? Ndiye huyo huyo. Anapenda sana ugoro, sijui kwa nini."

"Kaka yangu ulimwambia hamna rafiki mwingine!"

"Nilimwambia. Na Mwishehe nilimwambia hivyo hivyo." Alijifuta vidole. "Binti Zahran, wewe una akili, tusichoshane. Unadhani tunamtafuta atakayeshinda? Atakayeshinda hatumhitaji. Akishaingia bandarini atakaa kitako kwenye zulia la Amiri na kutuuliza sisi ni kina nani. Tunamtafuta asiyeweza kufika hata mlangoni bila sisi. Tukishampata, tunamtafuta na wa pili, ili yule wa kwanza asideke."

"Na wa tatu yupo?"

"Yupo. Hana dada. Anatusumbua sana."

Na alicheka! Msimhukumu upesi. Wengine hucheka hivyo kwa kuwa wamelia wakachoka. Huyu alicheka kwa kuwa alifurahi.

"Umewaahidi nini wote hao?"

"Kitu kimoja tu. Kile kile kwa kila mmoja. Inanipunguzia kazi ya kukumbuka."

Mardhiya alilitia neno hilo moyoni. Nawe lishike, utalihitaji.

Ghanim alitoa kisanduku cha shaba kwenye joho, kimefungwa kwa uzi na lakiri nyekundu, akamwekea mapajani. "Kipamkono chako, zawadi ya mwali. Usikifungue mpaka tuwe majini."

Kilikuwa kizito. Mardhiya alipokitikisa kililia ndani, chakarachakara.

"Ni nini?"

"Udi wa Barkan. Mgumu kidogo." Akasimama, akaweka kilemba sawa. "Tunaondoka na maji ya Alasiri. Vijana wa kaka yako wako mikokoni na makasha yao ya bunduki, na hawapandi mpaka kisarawanda kitoke. Desturi zenu hizi, Mungu anisamehe."

Kisarawanda, kwa vijana wa siku hizi mliooana kwenye ofisi ya Bwana Shauri, ni kile kitambaa cheupe wanachotandikiwa maharusi. Kikishapata alama yake huwekwa kwenye sinia, hutolewa nje kwa vigelegele, na ukoo wa mwali hujua kwamba binti yao kakutwa mzima. Vijana wa Majaliwa, ambao mama zao wote ni wa hapa hapa, walisema wazi kwamba kitambaa kikitoka ndipo Barkan itakuwa shemeji, na kisipotoka, hakuna safari.

Mardhiya alisogea ukutani. Ghanim aliona, akatabasamu.

"Tulia, bibie. Sina muda, na wewe huna hamu. Bi Chausiku keshanisaidia. Huko jikoni kuku mmoja kafa shahidi."

Akatoka kwenda barazani kunywa kahawa.

*

Bi Chausiku aliingia na sinia kichwani, kitambaa kimekunjwa juu yake, ncha nyekundu imechungulia. Ndiye somo wa Mardhiya, aliyemfunda tangu alipovunja ungo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki.

"Mwanangu! Mbona umekaa kama umefiwa? Kazi imekwisha bila kazi kufanywa. Wangapi wana bahati hiyo?"

"Somo, ana mke Pangani."

"Na mimi nilikuwa na wake wenza watatu, nikawazika wote. Inuka uoge."

"Ni dada yake Mwishehe."

Sinia liliteremka kichwani pole pole. Bi Chausiku alikaa kwenye kigoda, kigoda kikalalamika.

"Mwishehe wa..."

"Ndiye. Yeye na kaka wote wamepewa bunduki na mtu mmoja. Kaka anakwenda kuuzwa, somo. Toka uende mikokoni ukamwambie."

"Mimi? Somo atoke nyumba ya harusi kabla kitambaa hakijatoka? Watu wa Kaole wataniuliza nimekwenda kumtafutia mwali dawa gani."

"Basi nitoke mimi."

"Utoke wapi? Mwali siku saba haoni jua! Na lile jitu la Barkan pale mlangoni halijui Kiswahili ila neno 'hapana'." Bi Chausiku alimshika mikono yote miwili. "Sikiliza, mwanangu. Kazi ya somo ni kufunika. Nimefunika ya watu wengi humu Kaole, na hili tutalifunika. Akili za wanaume waachie wanaume."

"Wanaume hao wana akili gani, somo?"

Bi Chausiku alifikiri. "Hilo nalo neno," alisema. Lakini aliinuka akaenda pembeni kutafuta buibui lake.

Mardhiya alilitazama sinia.

Fikiria nawe. Nyumba imefungwa kwa desturi kuliko kwa komeo. Mwali hatoki, somo hatoki, salamu haitoki. Kitu kimoja tu kina ruhusa ya kuvuka mlango ule mchana huu, tena kinapigiwa tari: sinia.

Kitambaa chenye damu kingemtuma Majaliwa baharini. Na kitambaa cheupe? Kitambaa cheupe kingemleta mbio mpaka kitandani hapo, kwa miguu yake mwenyewe, na pengine bunduki mkononi. Hakuna kaka wa pwani hii ambaye angekaa.

Lakini aibu yake ingevuma mji mzima. Hakuna mama ambaye angemwita tena Mardhiya kumpaka mwanawe hina. Mkono wa mwanamke asiyekutwa mzima haugusi mwali. Huogopwa kama ukoma.

Alimkumbuka Majaliwa akimbeba mgongoni kuvuka tope la mikoko, siku ya msiba wa mama yao.

Alivuta shuka safi kutoka chini ya godoro, akararua kipande, akakikunja vile vile, akakipaka hina ya kikombeni nchani, alama ndogo tu ya kuchungulia. Cha damu akakisukuma chini ya mto.

Bi Chausiku alirudi amejifunika buibui. Hakutazama. Alibeba sinia, akavuta pumzi ya kigelegele, akatoka.

*

Mardhiya aliweka jicho kwenye ufa wa dirisha.

Tari zililia. Vigelegele vilipanda. Wanawake walijaa ua, na kule nyuma, penye njia ya mikokoni, walisimama vijana wachache wa Majaliwa waliotumwa kuja kushuhudia. Bi Chausiku alizunguka mara moja, akatikisa alichojaliwa kutikisa, watu wakacheka. Kisha akashika ncha mbili za kitambaa, ile ya hina ikafichika kiganjani, akakikunjua juu ya kichwa chake kwa fahari zote.

Kitambaa kilikuwa cheupe pe.

Ngoma ilikatika. Mpiga tari mmoja alipiga tena mara moja, kwa kukosa breki.

Bi Chausiku, ambaye alikuwa wa mwisho kujua kabeba nini, aliendelea kutabasamu. Halafu akainua macho.

"Ha!" Sauti ilikuwa ya Dija, jirani, mwanamke ambaye ulimi wake haujui Ramadhani. "Kumbe! Kuwapaka wenzake anajua, yeye nani kampaka?"

"Dija, nyamaza!"

"Ninyamaze nini, mmetuita tuje tuone! Tumeona! Na mwanangu nilimpa mikono ampake, Mwenyezi Mungu anirehemu!"

Vijana wawili walikwisha geuka. Walikimbia kuelekea mikokoni.

Barazani Ghanim alikuwa ameshika kikombe cha kahawa karibu na mdomo. Alikitazama kitambaa kwa muda. Akaligeukia dirisha. Akainamisha kichwa kidogo, namna mtu anavyomkubali mwenzake kwenye bao, kisha akanywa kahawa yake.

*

Majaliwa aliingia bila hodi. Tope la mikoko lilimfika magotini, na mkononi ameshika bunduki mpya ya Barkan, mafuta yake bado yananuka.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia.

"Nani?" alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Nitajie jina. Simuui yeye kwanza. Nitakuua wewe kwanza, kisha yeye. Nani?"

"Hakuna nani. Kitambaa nimekibadilisha kwa mkono wangu. Cha damu kiko chini ya mto, na hiyo damu nayo ya kuku. Funga mlango unisikilize."

Majaliwa aliinua mto. Alikishika kile kitambaa, akakigeuza, akamtazama dada yake kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Umejiaibisha mbele ya Kaole nzima... ili nikusikilize?"

"Kwa jambo gani jingine ungekuja?"

Alifunga mlango.

"Kaka, mtu huyu kamwoa dada yake Mwishehe. Barkan wanawapa bunduki nyote wawili. Usiende."

"Najua," alisema Majaliwa.

Neno lenyewe ndilo hilo. Mardhiya alilisikia, akalisubiri lijieleze kuwa ni jingine.

"Unajua?"

"Tangu mwezi wa Rajabu."

"Ulijua, na ukanioza?"

"Usinitazame hivyo. Kamwoa yule ili amtulize Mwishehe, amkalishe asubiri. Tukifika Sumri ananikabidhi. Kaniahidi, Mardhiya! Kaniahidi kichwa cha Mwishehe! Kwa damu ya baba yetu ungetaka nikatae?"

"Na mimi ni nini katika hiyo hesabu?"

"Wewe ungekaa Barkan unakula tende. Kisha ningekuja kukuchukua."

"Na wangekataa?"

Majaliwa alitazama chini. Alikuwa na miaka thelathini na ushei, ana ndevu, anaamrisha watu. Alionekana yule yule wa siku ya tope, ila safari hii hakuwa amembeba mtu.

Mardhiya alilikumbuka neno alilolitia moyoni tangu asubuhi. Kitu kimoja. Kile kile kwa kila mmoja.

"Kaka," alisema polepole, "na Mwishehe kaahidiwa nini?"

Majaliwa alikitupa kitambaa chini.

"Swali zuri," alisema mtu mlangoni.

Ghanim alikuwa amesimama na kikombe chake. Aliufungua mlango kwa kidole kimoja, hata hawakumsikia.

"Mjibu dada yako, Majaliwa. Nimekuwa na wewe miezi mingi hukuniuliza hata siku moja. Yeye amekaa na mimi muda wa kula halua."

"Ulimwahidi nini Mwishehe?"

"Unajua nilichomwahidi."

"Kichwa changu."

"Kwa heshima zote. Wewe una kichwa, yeye ana chake, na mimi nina ahadi moja. Mnapendana sana kwa kuchukiana, hata sikupata taabu."

Majaliwa aliinua bunduki. Alililenga joho la mjumbe wa Mfalme, pale kati, akafyatua.

Ta.

Basi. Mlio wa mtu aliyegonga kijiko mezani.

Akakoki, akafyatua tena. Ta. Akafyatua tena.

"Utachoka," alisema Ghanim. "Ndani ya bunduki hizo kuna sindano, chuma chembamba hivi, ndiyo inayoigonga risasi matakoni. Mmezoea magobori, hamkujua hata kuiulizia. Nyote mlikuwa mkizipangusa na kuziimbia." Alikunywa kahawa. "Dola inayojua kazi yake haigawi bunduki na sindano siku moja."

"Ndiyo maana ulikataza tusizijaribu!"

"Nilisema mlio utawaleta askari wa boma. Nao ungewaleta, sikusema uongo."

"Sindano ziko wapi?"

"Mahali ambapo hakuna mwanamume wa kwenu atakayethubutu kupekua."

Majaliwa alizunguka chumba kwa macho, makasha, mikeka, ukuta. Mahali pamoja hakupatazama, kwa adabu: mapajani pa mwali.

Mardhiya hakutikisika. Kisanduku cha shaba, alichokirudisha mapajani alipotoka dirishani, kilikuwa pale chini ya kanga. Udi wa Barkan, mgumu kidogo.

Alihesabu mambo haraka kuliko unavyosoma. Sindano zikimfikia kaka, bunduki zinapona, na bunduki zikipona, Majaliwa anapanda chombo leo leo kwenda kumtafuta Mwishehe, na huko atachinjwa kwa baraka za dola ile ile. Zikibaki kwa Ghanim, zitatafutiwa mnunuzi mwingine. Zikipotea, hakuna bunduki, hakuna safari. Kaka atabaki Kaole, anamchukia dada yake mpaka kufa, lakini atabaki.

Aliinuka, kanga imemfunika mpaka mikononi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Majaliwa.

"Uani."

Wanaume wote wawili walipisha. Mnaona? Mmoja kauza mwenzake, mwingine amejaribu kumwua mwenzake, lakini mwanamke akisema anakwenda uani wote wanatazama dari.

Alipita jikoni, akampita Bi Chausiku aliyejikunyata jikoni analia kimya, akaingia kwenye kiambaza cha makuti penye choo. Choo cha Kaole ni shimo refu na magogo mawili ya kukanyagia. Kilichoingia mle hakijawahi kutoka, na hakuna aliyewahi kukitamani.

Akavunja lakiri kwa meno.

Ghanim ndiye aliyeshtuka kwanza. Mardhiya alisikia kikombe kinavunjika, kisha miguu inakimbia, kisha miguu mingine nyuma yake. Vivuli viwili vilisimama nje ya makuti. Hakuna kilichovuka.

"Mke wangu," alisema Ghanim, na kwa mara ya kwanza samli ilikuwa imeganda. "Nipe kisanduku."

"Dada!" Majaliwa alikuwa anahema. "Ziko kwako? Nipe mimi! Mardhiya, nipe mimi, nakuomba kwa maziwa ya mama!"

"Usiende, kaka."

"Siendi! Naapa siendi! Nipe!"

Alikuwa ameapa hivyo hivyo kabla ya Rajabu, na kabla ya hapo, kisha akaapa kwenda. Mardhiya alikipindua kisanduku.

Sindano zilishuka zinametameta, kama dagaa wanaomwagwa, zikazama bila hata kishindo cha heshima.

Majaliwa alipiga ukelele mmoja.

Halafu Ghanim akacheka tena. Si kicheko cha asubuhi. Mardhiya alimwona kwenye nafasi ya makuti, anatoa saa mfukoni, anaitazama.

"Hasara kwangu," alisema. "Nilitaka kuwapa wengine bunduki zile. Lakini kwenu, bibie... labda ungeziacha."

"Una maana gani?" aliuliza Majaliwa.

Jibu lilitoka mikokoni.

Mlio mmoja. Kisha mwingine. Kisha yote kwa pamoja, mfululizo, kama mahindi kikaangoni, na juu yake sauti za watu wanaoita mama zao.

Bunduki. Bunduki zenye sindano.

"Mwishehe," alisema Majaliwa.

"Alifika Mlingotini tangu alfajiri. Nilihitaji vijana wako wote wakae mahali pamoja, wa hapa, wa Mlingotini, hata wale wa Vigwaza. Watu wa pwani hamkusanyiki upesi ila kwa harusi au mazishi. Nikachagua harusi."

"Kwa nini yeye? Kwa nini si sisi?"

Ghanim alilifikiria swali hilo kana kwamba lilistahili jibu la kweli. "Wewe ulitaka bunduki na kuachiwa nchi yako. Mwishehe ametaka bunduki tu."

Mardhiya alitoka nje ya makuti. Mikono yake ilikuwa mitupu. Kule mikokoni vijana wamesimama na bunduki mpya zinazong'aa, wanafyatua, ta, ta, ta, wakati watu wa Mwishehe wanawapiga kama kuku waliofungwa miguu. Na sindano zao alikwisha zimwaga yeye. Alizimwaga ili kaka yake asiende vitani.

Majaliwa aliigeuza bunduki, akaishika mtutu kama rungu. Alimtazama dada yake. Alionekana anatafuta tusi la kumfaa, akalikosa.

"Marahaba," alisema.

Akaruka ua, akakimbia kuelekea milio.

"Kaka!"

Alikwisha potea kwenye njia ya mikoko. Mardhiya aligeuka kumfuata, akajikwaa, akashika chini ili asianguke. Na hapo, kati ya unyayo wake na kiambaza cha makuti, vidole vyake viligusa kitu chembamba, cha baridi, chenye mafuta.

Sindano moja. Moja ilidondoka kando.

Aliifumbata. Bunduki ya sindano hiyo ilikuwa inakimbia mbele kwenye mikono ya mtu mmoja, na kila hatua inazidi kuwa mbali. Njia ya kumfuata ilikuwa moja, na katikati ya njia hiyo alisimama mume wake, anarudisha saa mfukoni, anamtazama ngumi.

"Mkononi una nini, mke wangu?" aliuliza Ghanim.